Bei ya Pili ya Chipsi Mayai

Saa kumi na mbili jioni, iwe Sinza au Mwenge, Buguruni au Tandika, kabati la kioo limeshajaa. Chipsi zilizomo zimekaangwa nusu tangu mchana, zikarundikwa kumsubiri mteja. Akifika, mkaangaji anachota kiasi chake, anakitosa tena kwenye karai la mafuta, anavunja mayai mawili kwenye kikombe, anayapiga, anayamwagia chipsi zile kwenye kikaango, anageuza. Dakika saba au nane zinatosha. Chumvi hunyunyizwa kwa vidole, tomato humiminwa kutoka kwenye chupa yenye tundu kifunikoni, kachumbari ya kijiko kimoja huwekwa pembeni, na soda ya baridi huwa mkono wa pili. Vijana wa Dar es Salaam wanaiita zege, na jina limeshika, maana ikishaingia tumboni haitoki mpaka asubuhi.

Sahani hiyo ina bei mbili. Ya kwanza, shilingi elfu tatu hivi katika vibanda vingi, mlaji huilipa papo hapo na kupewa chenji. Ya pili haitajwi mbele ya karai. Hulipwa miaka kumi au ishirini baadaye, kwenye dirisha la malipo la hospitali, na mara nyingi anayeilipa si yule aliyekula. Ni mwanawe, mdogo wake, mkewe, au jamaa zake walioongezwa kwenye kundi la WhatsApp la michango.

Kabla ya kumlaumu mlaji, ni haki kumtazama anavyoishi. Dereva wa bajaji aliyeamka saa kumi alfajiri hurudi kwenye chumba cha kupanga usiku, akiwa na njaa na macho mazito. Maharage yanataka saa mbili jikoni. Mkaa una bei, gesi ina bei, na anayepika kwa ajili ya mtu mmoja hutumia moto uleule ambao ungetosha watu watano. Mwanafunzi wa hosteli haruhusiwi kuwasha jiko chumbani. Machinga wa Kariakoo hawezi kuacha meza yake akatafute mchicha. Kwa watu hawa chipsi mayai ni hesabu iliyopigwa vizuri: chakula cha moto, cha kushibisha, kilichopikwa mbele ya macho yao, kwa bei inayojulikana. Anayewaita wazembe hajawahi kufika nyumbani saa nne usiku akakuta sufuria tupu.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo imefichwa nusu yake.

Kiazi chenyewe hakina kosa. Kikitoka Njombe au Mbeya, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, na kilichobaki ni wanga, nyuzinyuzi kidogo, potasiamu na vitamini C. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina takriban kalori 87. Mambo hubadilika kinapozama kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 170 au 180. Maji yaliyomo huchemka na kutoka kama mvuke. Ile sauti ya kuchachatika ni ya maji yanayokimbia. Yanapoondoka huacha vijitundu, na mafuta huingia mahali pake, hasa chipsi zinapoopolewa na kuanza kupoa. Gramu 100 za chipsi hufikia zaidi ya kalori 300, na hapo hazijakaangwa mara ya pili wala kumwagiwa mayai juu ya mafuta mengine. Anayekula sahani iliyojaa amekula zaidi ya mara tatu ya alichokiona kwa macho.

Namna ya kupika ndiyo inayoleta tofauti, na kuna ushahidi wake. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wauguzi na wahudumu wengine wa afya zaidi ya 205,000 wa Marekani kwa zaidi ya miongo mitatu. Waliokuwa wakila chipsi mara tatu kwa wiki walikuwa na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyozidi ya wengine kwa takriban asilimia 20. Waliokula viazi vya kuchemsha, vya kuoka au vya kuponda hawakuonyesha ongezeko la kutajika. Utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha kila kitu, kwa sababu mla chipsi huwa na mazoea mengine pia. Hata hivyo, unaonyesha wazi kwamba lawama haziko shambani. Ziko jikoni.

Na jikoni, cha kuangaliwa kwanza ni mafuta.

Mafuta ya kula yakiwa mapya huwa na rangi ya dhahabu na hayana harufu kali. Yakichemshwa, yakapoa, yakachemshwa tena kesho na keshokutwa, hewa na joto na maji ya viazi huyavunjavunja. Hutokea ndani yake kemikali ambazo hazikuwapo yalipotoka dukani: nyingine huunguza koo, nyingine hushambulia kuta za mishipa ya damu, nyingine huyafanya mafuta yenyewe kuwa mazito kama uji. Yeyote aliyesimama mbele ya karai anazijua dalili zake hata kama hajasoma kemia. Mafuta huwa meusi. Povu huganda juu na halitulii. Moshi huanza kutoka mapema, kabla viazi havijaingia. Chipsi hutoka zikiwa na rangi ya kahawia nje na bado mbichi katikati, na mdomo hubaki na utando usioondoka kwa maji.

Ujerumani na Ufaransa zimeweka kipimo: takataka hizo za mafuta yaliyochoka zikifika asilimia 24 au 25, mafuta lazima yamwagwe. Kwenye vibanda vingi vya Afrika Mashariki utaratibu ni mwingine. Mafuta hayamwagwi, huongezewa. Yakipungua karaini, lita moja mpya humiminwa juu ya yale ya jana, ambayo nayo yalimiminwa juu ya yale ya juzi. Usiku biashara ikifungwa, yaliyobaki huchujwa makapi na kurudishwa kwenye dumu. Mkaangaji hafanyi hivyo kwa ubaya wa moyo. Dumu la lita 20 ndilo gharama kubwa kuliko zote kwenye biashara yake. Akilimwaga kila siku atafilisika ndani ya mwezi, na jirani yake asiyemwaga atabaki na wateja.

Ukali wa bei ya mafuta umewahi kuzaa mambo ya kutisha. Mwaka 2014 vyombo vya habari viliripoti kwamba nchini Kenya transfoma za umeme zilikuwa zikivunjwa na mafuta yake kuibwa, na sehemu ya mafuta hayo kuuziwa wakaangaji wa barabarani kwa sababu yanavumilia moto muda mrefu kuliko ya kula. Mafuta ya transfoma yametengenezwa kupoza mitambo, na yale ya transfoma za zamani yaliwahi kuchanganywa na sumu za PCB, ambazo mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001 umezipiga marufuku. Ni wezi wachache waliofanya hayo, na si haki kumtia kila mwenye kibanda katika kundi hilo. Ila tukio lenyewe linaonyesha jinsi mlaji asivyo na njia ya kujua anachotumbukiziwa. Akitazama karai, anaona kitu cheusi kinachochemka. Basi.

Yuko mtu mwingine ambaye hutajwa mara chache zaidi: mkaangaji mwenyewe. Anasimama juu ya moshi huo saa nane au kumi kila siku, mara nyingi chini ya turubai lililofungwa pande tatu, jiko la mkaa likiwa magotini na mafuta usoni. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), limeuweka moshi wa kukaangia kwenye joto kali katika orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Kijana anayeanza kukaanga akiwa na miaka 18 ataufikisha umri wa miaka 40 akiwa amevuta moshi huo maelfu ya jioni. Hakuna bima iliyomwandikia hatari hiyo, na bei ya sahani haikuihesabu.

Chumvi na soda hazihitaji maneno mengi, maana hesabu zake ni fupi. WHO inashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa ile ya mkate, ya mchuzi na ya soseji. Wastani wa dunia ni zaidi ya maradufu ya hapo. Kwenye chipsi, chumvi hunyunyizwa mara mbili, moja ya mkaangaji na nyingine ya mteja, na bado tomato ina ya kwake. Chupa ya kioo ya mililita 350 ya soda ya kola ya kawaida ina takriban gramu 37 za sukari, vijiko tisa vya chai. Hakuna mtu anayeweza kunywa chai yenye vijiko tisa, lakini baridi na gesi huuficha utamu, na vijiko hivyo hupita kooni kwa dakika tano. WHO inasema sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na ni bora zaidi ikishuka hadi 25.

Yote haya yangekuwa maneno ya kitabuni kama Tanzania isingekuwa na kumbukumbu yake. Inayo. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya kupima sukari ya watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika mtu mmoja katika kila mia. Wakati huo daktari kijana angeweza kufanya kazi wilayani miezi mingi bila kukutana na mgonjwa wa sukari. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban asilimia 9 wana kisukari, na mmoja katika kila wanne ana shinikizo la juu la damu. Makundi mawili hayo hayafanani kabisa, kwani moja lilikuwa la vijijini tu na lilihesabu hata vijana wa miaka 15, lakini tofauti ya chini ya asilimia 1 na asilimia 9 haielezeki kwa umri peke yake. Kufikia 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa watu wazima wenye kisukari nchini ni takriban milioni 2.9, na katika ukanda wake wa Afrika ni Afrika Kusini na Nigeria tu zilizokuwa na wengi zaidi.

Kilichobadilika kati ya miaka hiyo si chipsi peke yake, na mwandishi anayetaka kuaminiwa hapaswi kusema hivyo. Kuna utafiti mmoja mdogo uliofanywa na Watanzania na Waingereza, ukachapishwa mwaka 2010, ambao ulistahili kusomwa na kila mpanga miji. Watafiti waliwafuata watu zaidi ya 200 waliokuwa wakihama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, wakawapima kabla hawajaondoka na kuendelea kuwapima mjini. Ndani ya miezi 12, wanaume kwa wanawake, uzito wao uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo mbili. Kijijini wanaume wanane katika kila kumi walikuwa na kazi za kutoa jasho. Mjini walibaki chini ya watatu. Tena si kila kitu kiliharibika, kwani matunda na mboga za majani walizipata mjini kwa wingi kuliko kijijini. Jembe lilikuwa limewekwa chini, miguu imepandishwa kwenye daladala, na tumbo halikupewa taarifa. Mwili uliozoea kuunguza chakula cha mkulima ulikuwa ukiweka akiba kila usiku.

Ndiyo maana sahani ileile haina madhara sawa kwa kila mtu. Mbeba mizigo wa sokoni anayeila mara moja kwa wiki huiunguza kesho yake kabla ya saa sita. Karani anayeila kila jioni, akaketi saa nane ofisini na saa mbili kwenye foleni ya Morogoro Road, anaihifadhi. Tofauti kati ya wawili hao haionekani mwaka wa kwanza. Wala wa tano.

Kutoonekana huko ndiko kunakofanya gharama iwe ya siri. Malaria humwangusha mtu ndani ya siku chache. Kipindupindu hakisubiri hata kesho. Presha inaweza kukaa mwilini miaka kumi bila kuumiza mahali popote, huku ikiipanua misuli ya moyo na kuichosha mishipa midogo ya figo. Sukari nayo huanza kwa uchovu ambao kila mtu mjini anao, kiu ambayo kila mtu huisingizia joto, na kuamka usiku mara mbili kwenda chooni. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta kwamba asilimia 56 ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu hata mara moja maishani, na takriban asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Katika ukanda wa Afrika kwa ujumla, Shirikisho la Kisukari linakadiria kuwa zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa huo hawajijui.

Wengi hujijua siku ya kwanza ya msiba. Mtu anaamka asubuhi mkono wa kulia haunyanyuki na mdomo umekwenda upande. Majirani wanazungumza kurogwa, na saa ambazo dawa ingeweza kusaidia zinapotea njiani. Mwingine anakanyaga msumari, hausikii kwa sababu neva za mguu zimekufa, na baada ya wiki tatu kidonda kimefika kwenye mfupa. Madaktari wa Dar es Salaam, wakiongozwa na Dkt. Zulfiqarali Abbas, walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwafundisha wauguzi wa mikoani kuikagua miguu ya wagonjwa wa kisukari kabla haijafika kwenye msumeno. Mafunzo hayo yameokoa miguu mingi, na mfano wake umechukuliwa na nchi nyingine. Lakini kukagua mguu ni kazi ya mwisho wa mto. Maji machafu yameshaingia zamani, huko juu.

Bei ya pili sasa inaanza kuandikwa kwa tarakimu. Figo zikishindwa, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kila wiki, maisha yake yote, isipokuwa apate figo ya kupandikizwa. Nchini Kenya mfuko wa taifa wa bima ya afya ulikuwa ukilipa shilingi 9,500 kwa kila safari ya kusafisha damu, na mfumo mpya wa SHA ulioanza mwishoni mwa 2024 umepandisha hadi 10,650. Kwa safari mbili za kila wiki, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 1.1 za Kenya kwa mwaka, kwa mgonjwa mmoja, bila nauli, bila dawa, bila siku za kazi zilizopotea. Kisukari na shinikizo la damu ndivyo visababishi vikubwa vya figo kushindwa duniani kote.

Asiye na bima hulipa kwa njia ambazo haziingii kwenye takwimu yoyote. Kiwanja cha Chanika kilichonunuliwa kwa miaka sita ya kujinyima huuzwa kwa wiki moja, kwa bei ya mwenye shida. Pikipiki iliyokuwa ikileta mkate inaondoka. Binti aliyekuwa kidato cha tatu anabaki nyumbani kumgeuza baba aliyepooza, kwa sababu mama lazima aende sokoni na mtu hawezi kuachwa peke yake. Wagonjwa wa kiharusi wa Afrika Mashariki wengi bado wako katika umri wa kufanya kazi, wana watoto shuleni, wana mikopo ya vikoba. Sahani iliyookoa mkaa na muda kwa miaka kumi inazidai familia zote mbili, ya mume na ya mke, kwa miaka mingine kumi.

Bei hii ya pili haitajwi hata chipsi zenyewe zinapokuwa gumzo. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2022 Wakenya waligombana hadharani kuhusu chipsi. Kampuni ya KFC, iliyofungua mgahawa wake wa kwanza Nairobi mwaka 2011, ilitangaza kwamba imeishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vilivyoagizwa kutoka nje vilichelewa baharini. Hasira iliwaka: iweje nchi yenye viazi vya Nyandarua na Meru ile viazi vya kuagiza? Wakulima walisema, wanasiasa wakasema, na mitandao ikajaa wito wa kususia. Walikuwa na hoja nzuri, na kampuni ikaahidi kuwatafuta wakulima wa nyumbani. Ila kwa siku zote zile swali lilikuwa kiazi kimetoka wapi. Kiazi hicho kikishakaangwa na kutiwa chumvi kinafanya nini ndani ya mwili wa Mkenya, hilo halikupata nafasi, wakati uchunguzi wa 2015 ulikuwa umeshaonyesha karibu wanawake wanne katika kila kumi wa nchi hiyo wana uzito uliozidi. Kiazi cha Nyandarua na kiazi cha ng'ambo, vikizama kwenye mafuta mamoja, huja na hesabu moja.

Ushauri unaotolewa kila mwaka katika siku ya kisukari duniani, tarehe 14 Novemba, ni uleule: punguza mafuta, fanya mazoezi, kula mboga. Ni ushauri sahihi. Ubaya wake ni kumwachia mtu mmoja mzigo ambao hakuutengeneza peke yake. Dereva wa bajaji hawezi kuyapima mafuta ya karai kwa macho gizani. Mama mwenye watoto wanne hawezi kujua siagi ya mkate ina mafuta ya aina gani kama kopo halikuandikwa. Kuna mambo ambayo raia hawezi kujifanyia, na ndiyo sababu kuna serikali.

Zipo zilizofanya. Denmark mwaka 2003 ilikuwa ya kwanza duniani kuyawekea kikomo mafuta yaliyogandishwa viwandani, yale ambayo huongeza lehemu mbaya na kupunguza nzuri kwa wakati mmoja, na kikomo kilikuwa asilimia 2 tu ya mafuta yote ndani ya chakula. Jiji la New York liliyaondoa migahawani kuanzia 2007. Watafiti waliolinganisha maeneo ya jimbo la New York yaliyokuwa na marufuku na yasiyokuwa nayo walikuta kwamba, baada ya miaka mitatu na zaidi, kulazwa kwa mshtuko wa moyo na kiharusi kulipungua zaidi kwa asilimia 6.2 pale palipokuwa na marufuku. Wateja wa New York hawakuacha kula chipsi. Walikula chipsi zilizokaangwa kwa mafuta mengine, na wengi hawakugundua.

Afrika Kusini iko karibu zaidi. Tangu Juni 2016 sheria yake imeweka kiwango cha juu cha chumvi kwenye mkate, soseji, krispi na vyakula vingine vya kiwandani, na Aprili 2018 ikaanza kutoza kodi vinywaji kulingana na gramu za sukari zilizomo. Makampuni hayakufunga viwanda. Yalipunguza sukari kwenye chupa. Sukari iliyonunuliwa na familia za mijini kupitia vinywaji hivyo ilishuka kwa takriban theluthi moja.

Tanzania inaweza kuanzia mahali penye faida ya haraka zaidi, napo ni kwenye karai. Tangu 2019 usalama wa chakula umekuwa mikononi mwa Shirika la Viwango (TBS), baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), na kila halmashauri ina maafisa afya wanaozunguka vibandani. Wanaulizia cheti cha kupimwa afya, aproni, maji ya kunawa, choo kilicho karibu. Hayo ni maswali ya kuzuia kipindupindu na homa ya matumbo, na yamekuwa na kazi kubwa. Mafuta yaliyomo karaini huulizwa mara chache, kwa sababu utaratibu wa ukaguzi ulibuniwa wakati maradhi yaliyoua watu yalikuwa ya uchafu. Hivi sasa mkaangaji anaweza kuwa na mikono safi, aproni nyeupe na cheti kipya, akauza sumu ya pole pole bila kuvunja agizo hata moja alilowahi kusomewa.

Haifai ukaguzi huo uje na virungu. Kumwaga karai la mtu barabarani na kuondoka na meza yake hakujawahi kumponya mgonjwa yeyote wa presha, na kibanda kikifungwa bila kitu kingine kuwekwa mahali pake, mteja atahamia kibanda cha mtaa wa pili chenye mafuta meusi zaidi. Mkaangaji anahitaji njia ya kuyauza mafuta yaliyochoka ili isimuume kuyaacha, na njia hiyo ipo, maana mafuta ya kukaangia yaliyotumika hutengenezewa dizeli na sabuni katika nchi nyingi. Anahitaji pia ushindani wa haki: kama yeye anabadilisha mafuta kila baada ya siku mbili, jirani yake naye abadilishe, ili asiye mwangalifu asiwe ndiye mwenye bei nafuu.

Atakayesema vibanda ni vingi mno kufikiwa akumbuke Desemba 2018. Ndipo Serikali ya Rais John Magufuli ilipoanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na ndani ya miezi michache vilikuwa vimening'inia shingoni mwa wauza chipsi, wauza mitumba na wauza matunda nchi nzima, hadi vijijini. Watendaji wa kata walimfikia kila mtu kwa sababu walitakiwa kukusanya. Njia zilezile, watendaji walewale na mitaa ileile ingeweza kubeba kijikaratasi cha kupimia mafuta. Vijikaratasi hivyo vimetumika kwenye majiko ya migahawa mikubwa ya nje kwa miaka mingi. Afisa anakichovya kwenye mafuta ya moto kwa sekunde chache, anakitoa, anasubiri kidogo huku mkaangaji na wateja wake wakitazama, kisha vistari vinabadilika rangi kimoja baada ya kingine kulingana na uchakavu wa mafuta. Vikibadilika vyote, karai linaepuliwa, mafuta yanaachwa yapoe na kumiminwa kwenye dumu la yanayokwenda kiwandani, na mkaangaji anafungua dumu jipya.